Kupe Niliyemficha Daktari

Madaktari wanne waliniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: katika miezi hii umewahi kwenda porini, shambani, au mahali penye nyasi ndefu? Wote wanne niliwajibu hapana. Nilisema naishi ghorofa ya kumi na moja, nafanya usafi katika majengo mawili ya hapa hapa mtaani kwetu, Weston, na nikitoka kazini narudi nyumbani. Yote hayo yalikuwa kweli. Niliacha siku moja tu, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, na kwa ajili ya siku hiyo nilikaribia kupasuliwa goti ambalo halikuhitaji kisu.

Naandika sasa nikiwa natembea bila fimbo. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo msitegemee nieleze jinsi ugonjwa wa Lyme, huu unaoletwa na kupe, unavyofanya kazi ndani ya damu. Naeleza ulivyonifanya mimi. Tangu nipone kidogo, watu wamenifuata msikitini na kwenye sherehe zetu kuniuliza, na karibu wote huniuliza kwa sauti ya chini, wakitazama pembeni kwanza. Hao ndio ninaowaandikia, kwa sababu nami nilikuwa natazama pembeni hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nyuma yangu walikuwepo Juma na Zuhura, na Zuhura alikuwa bado anajifunza kuongea. Niliacha shule nikaenda kuchunga mifugo ya jirani ili wadogo zangu wapate pa kulala na cha kula. Juma yuko Kondoa mpaka leo. Zuhura alisoma, akaja huku ughaibuni, anahudumia wazee katika makao yao huko Etobicoke. Mimi nilikuja miaka mingi baadaye kwa kibali cha kazi kwenye mashamba ya uyoga, na sasa tunaishi pamoja, kila mmoja na chumba chake.

Watanzania tunaofahamiana hapa wana mtu wao wa kuchinja, na mtu huyo ni mimi. Ni desturi tuliyokuja nayo. Mkristo akitaka kulisha watu wote kwenye shughuli yake, humwita Mwislamu achinje, ili asiwepo mgeni wa kusukuma sahani pembeni. Anayeniita mara nyingi kuliko wote ni Mzee Fabian, Mchaga wa Kibosho, karani mstaafu. Yeye haamini kwamba ndoa imefungwa mpaka aone ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, ameletwa mbele ya maharusi na majani mdomoni.

Mbuzi tulikuwa tunawafuata kwenye shamba la mzungu mmoja, mwendo wa saa moja na nusu kaskazini ya jiji. Tunachagua, nachinja na kuchuna nyuma ya banda, tunapanga nyama kwenye maboksi ya barafu na kurudi. Kama sheria inaruhusu au hairuhusu, hakuna aliyetuambia waziwazi. Tulikuwa tumesikia hairuhusu, na tulichofanya ni kutouliza. Mzee Fabian alikuwa na usemi wake kila tukishuka kwenye gari: "Jamani, hapa tulipo hatupo."

Na mwaka huo, majira ya kuchipua, nilikuwa nimepeleka maombi ya uraia.

Jumamosi ninayoisema tulifuata ndafu ya harusi ya mtoto wa Mzee Fabian, na beberu alituponyoka. Nikamfukuza kwenye nyasi zilizonifika kiunoni hadi kwenye uzio wa miti, nikamkamata mguu wa nyuma, na Mzee Fabian yuko mbali anashangilia: "Sheikh, huyo amekuzidi mbio! Mwonyeshe kitambulisho, labda atakuheshimu kwa umri!"

Siku mbili baadaye, nikioga, niligusa kitu nyuma ya paja, juu kidogo ya goti. Kadogo kama punje ya ufuta. Kupe. Kwa mtu aliyechunga, kupe si habari. Nimeng'oa kupe masikioni mwa ndama kabla sijaota ndevu. Kwetu anayewaletea watu homa ni papasi wa kwenye nyumba za udongo; kupe tulimhesabu kuwa shida ya ng'ombe. Nikamng'oa kwa kucha, nikamponda, nikafungulia maji. Zuhura sikumwambia. Ningemwambia nini, wakati hata yeye sikumweleza tunachinjia wapi?

Baada ya wiki moja na nusu hivi, mahali pale pakawa na baka. Halikuwa jekundu. Lilikuwa jeusi kuliko ngozi yangu, limeiva kama mahali mtu alipojigonga, likapanuka mpaka likazidi kiganja. Nikadhani ni choa. Nikapaka dawa ya choa, likafifia, nikaisifu dawa.

Mwezi wa saba nililala na homa siku nne. Shingo ilikaza, jasho likalowesha shuka. Kliniki ya jirani waliniambia ni virusi, nipumzike. Nilirudi kazini, lakini nilikuwa nikisukuma ufagio kwenye korido moja nakaa chini ngazini kama mzee. Wapangaji wakipita wananisalimia, nami nawaza: nani kati yao atampigia simu msimamizi kusema mfagiaji analala kazini?

Asubuhi moja ya mwezi wa nane nilikuwa natawadha. Niliposukutua, maji hayakukaa mdomoni. Yalimwagika yenyewe upande wa kushoto, yakatiririka mpaka kidevuni. Nikajaribu tena, yakamwagika tena. Nikainua uso kwenye kioo. Nusu ya uso wangu ilikuwa imelala. Jicho la kushoto halikufumba, mdomo umeteremka, na upande wa kulia unanitazama kwa mshangao.

Nilimwita Zuhura. Alifika mlangoni, akaweka mkono kifuani.

"Kaka, inua mikono yote miwili."

Nikainua.

"Sema jina langu."

"Zuhura. Sijapooza, acha kunipima kama wazee wako."

"Vaa viatu," akasema, tayari anapiga simu.

Hospitalini tulikaa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Nimekaa katika vyumba vingi vya kusubiri tangu siku ile, na naweza kusema ugonjwa huu nusu yake ni viti. Viti vya plastiki, viti vya kitambaa, viti vilivyounganishwa hata mwenzako akikohoa nawe unatikisika. Zuhura alinifunga jicho kwa kitambaa laini na kunidondoshea machozi ya dukani, yale matone ya macho, kila baada ya muda, kama anavyowafanyia wazee wake. Alikuwa ananitazama tu, na niliona kwamba ananitazama kwa kunihesabu: uzito uliopungua, mifupa ya shavu, jasho.

Daktari aliweka simu mezani ili mkalimani aongee. Kiingereza changu kinatosha kazini, ila hospitalini huwa kinanikimbia. Sauti ikatoka, ya mwanamke, Kiswahili cha Kenya.

"Habari baba. Mimi ni mkalimani wako leo. Kila tunachosema hapa ni siri."

Mtu akiniambia kitu ni siri kabla sijamuuliza, naanza kumtilia shaka. "Unaishi wapi?" nikamuuliza.

"Siruhusiwi kusema, baba."

"Unasali wapi?"

"Hilo pia siruhusiwi."

"Mwezi wa sita hukwenda kwenye harusi ya Watanzania? Kulikuwa na ndafu."

Daktari akauliza tunazungumza nini. Mkalimani akamweleza kwa Kiingereza kizuri kwamba mgonjwa anataka kujua kama yeye alialikwa harusini. Zuhura akaficha uso kwa mkono. Nami nilitaka kucheka lakini nilicheka upande mmoja, na hiyo ikanitisha kuliko yote.

Daktari akaonyesha picha kwenye kompyuta: mguu wa mzungu, mweupe, wenye duara jekundu kama shabaha. Umewahi kuona alama kama hii mwilini mwako? Hapana. Huo haukuwa uongo. Jekundu kama lile sikuliona. Umekwenda porini au shambani? Hapana. Huo ulikuwa uongo. Alichapa jibu langu, na kompyuta ilikuwa imenipa kisogo. Nikawaza: kompyuta za serikali zote ni ndugu. Leo nikisema shamba, kesho ataulizwa mtu wa uraia, shamba gani, ulifanya nini, nyama ilikwenda wapi. Na nikitaja shamba nimemtaja Fabian, na nikimtaja Fabian nimewataja watu wote waliokula.

Walinipa vidonge vya neva ya uso. Majani yalipoanza kubadilika rangi kando ya mto Humber, mdomo wangu ulikuwa umepanda tena karibu mahali pake, na nikajiona mjanja. Nimepona bila kumtaja mtu.

Mwezi wa kumi goti likavimba.

Halikuvimba kwa maumivu makali kama mtu anavyodhani. Lilivimba kama kitu kinachopuliziwa upepo, likawa duara, linameremeta, suruali ikakataa kupita. Wakati wa kusujudu mguu haukukunja. Nikaanza kuswali kwenye kiti, mstari wa nyuma, pamoja na wazee wa miaka themanini walionipa nafasi kwa adabu iliyonichoma. Kazini wakanipunguzia zamu. Nilitembea na fimbo ya mmoja wa wazee wa Zuhura aliyefariki. Watoto wa mzee huyo walikuwa wamemwachia Zuhura. Sikuipenda fimbo ile, lakini ilinibeba majira mazima ya baridi, na siwezi kuisema vibaya.

Walinitoboa goti kwa sindano, wakatoa maji ya njano bomba zima. Baada ya wiki mbili likajaa tena. Wakatoa tena. Kila daktari mpya alikuja na swali lile lile, kila mara nikajibu vile vile, na jibu langu la kwanza likawa ushahidi wa la pili.

Wakati huo huo Mzee Fabian alianza kuja na supu. Kila Jumapili akitoka kanisani, chupa ya chai imejaa supu ya utumbo na ndizi. Anakaa, ananitazama nikinywa.

"Sheikh, madaktari wanasemaje?"

"Wanatafuta."

"Wanakuuliza maswali?"

"Wanauliza."

"Maswali gani?"

Hapo kijiko kilikuwa kinasimama. Nilijua. Mtu hapandi mabasi mawili kwenye barafu na chupa ya supu kwa sababu ya upendo tu. Alikuwa anakuja kupima kama bado nimefunga mdomo. Nilikunywa supu yake yote, ilikuwa tamu, na sikumwamini hata tone.

Zuhura naye alikuwa na yake. Nilimsikia jikoni akiongea kwa simu kwa Kiingereza, sauti ya chini, akisema "my brother" halafu anafunga mlango. Nikaona vijitabu kwenye mkoba wake. Alianza kuninunulia sabuni yangu mwenyewe, halafu siku ya pili akaitoa akaweka ya wote, kama mtu aliyejikaripia. Nikajiuliza, amejua habari za shamba? Fabian amemwambia? Tuliishi hivyo wiki nyingi, watu wawili tuliokula sahani moja utotoni, kila mmoja anasikiliza hatua za mwenzake ukumbini.

Ikalipuka katika chumba cha kusubiri, mwezi wa kumi na moja, nje kunanyesha theluji ya kwanza iliyochanganyika na mvua. Muuguzi alikuwa ameleta karatasi ya kipimo cha damu.

"Kaka, unanificha kitu," Zuhura akasema.

"Sina ninachoficha."

"Kila daktari akikuuliza swali unatazama mlango. Mimi nakuona."

"Natazama nani anaingia."

"Kaka." Akapunguza sauti. "Mimi si mtoto tena. Najua baba na mama walikufa kwa ugonjwa gani. Hakuna aliyeniambia, wala wewe hukuniambia, ila nafanya kazi na wagonjwa, nimejumlisha mwenyewe. Kama ni ugonjwa ule, siku hizi una dawa. Watu wanaishi nao mpaka wanazeeka. Mimi nitakutunza. Lakini niambie."

Nilikuwa nimejiandaa kukana mbuzi. Hili sikuliandaa. Nilimwosha mama yangu wiki zile za mwisho, nikiwa na miaka kumi na mitatu, na shangazi akanishika bega akaniambia neno hili lisitoke mlangoni. Halikutoka. Nilidhani nimewalinda. Kumbe mdogo wangu alikua akiuzunguka ukimya wangu bila mtu wa kumuuliza, na sasa nilipougua, jambo la kwanza alilolikuta ndani ya ukimya huo ni kifo cha wazazi wetu.

"Sina ugonjwa huo," nikamwambia. "Lete karatasi, nipimwe mbele yako."

Nikapimwa. Sina. Majibu yalipokuja alilia jikoni, mgongo umenielekea, akikatakata vitunguu vingi kuliko vinavyohitajika kwa watu wawili. Halafu akageuka na kisu mkononi.

"Basi unaficha nini?"

Hapo ndipo ningesema. Namwambia ukweli kila anayesoma: hapo ndipo ningesema, na sikusema. Nilijibu nimechoka, nikaenda kulala. Mtu anaweza kuzoea kufunga mdomo mpaka mdomo ukajifunga wenyewe.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili, daktari wa mifupa aliamua kulifungua goti na kuangalia ndani. Tarehe ikapangwa, wiki ya pili ya mwezi wa kwanza. Akanieleza kwamba baada ya hapo huenda lisikunje kama zamani. Nikamuuliza kama nitaweza kuchuchumaa. Akauliza kwa nini nahitaji kuchuchumaa. Nikasema, kuswali. Sikusema, kuchuna.

Siku ya kwenda kutia sahihi, Zuhura alikuwa kazini na theluji imefunga barabara. Mzee Fabian akajitolea kunipeleka na gari la mwanawe. Njia nzima alikuwa anaongea habari za hali ya hewa, nami nikawaza, huyu leo anataka kuingia mpaka ndani, ahakikishe. Na kweli, jina langu lilipoitwa akasimama na kofia yake mkononi.

"Nakusindikiza."

"Subiri hapa, mzee."

"Nakusindikiza," akarudia, akaingia kabla yangu.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alipitia karatasi. Kabla hajanipa kalamu akasema atauliza mara ya mwisho. Shamba? Nyasi? Wanyama?

"No," nikasema.

"Yes," akasema Mzee Fabian.

Nikamgeukia. "Nyamaza, mzee!"

"Sinyamazi."

"Mzee Fabian, nakuomba. Uraia wangu."

"Uraia utautembelea na mguu gani? Utakatwa goti kwa ajili ya ndafu ya mwanangu? Mimi nitakula wapi tena nyama katika dunia hii nikikukumbuka?" Akaikunjakunja kofia yake. "Ni kweli, mwanzoni nilikuja na supu ili nikuchunguze. Nilikuwa na hofu. Ila nimekuona unavyopanda zile ngazi. Nimechoka kukuchunguza."

Akamgeukia daktari, akavaa Kiingereza chake cha ofisini, kile cha miaka thelathini ya ukarani, akaeleza yote: shamba, banda, beberu aliyekimbia, nyasi za kiunoni. Akajitaja yeye mwenyewe kwa majina matatu kama anayeapa mahakamani. Nilitamani sakafu inimeze. Nilimchukia kwa dakika zile kama sijawahi kumchukia mtu.

Daktari hakuuliza habari za nyama. Hakuuliza shamba la nani. Aliweka kalamu chini, akaniuliza kitu kimoja tu: uliona kupe?

Nikasema ndiyo, kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sikuijua. Nikamwonyesha mahali. Nikamweleza baka lililoiva kama pigo, nililolipaka dawa ya choa. Alifumba macho kidogo. Akasema picha waliyonionyesha haikuwa na ngozi kama yangu, na kwamba hilo ni kosa lao. Ni daktari wa kwanza kuniambia neno kosa bila kulielekeza kwangu, ingawa siku hiyo nililistahili.

Damu ikapelekwa kupimwa upya. Majibu yakarudi kabla ya mwaka mpya: Lyme, ya muda mrefu. Tarehe ya upasuaji ikafutwa.

Niliporudi nyumbani na majibu hayo nilimwambia Zuhura yote, nimekaa kitandani na fimbo magotini. Hakunifariji.

"Miezi saba," akasema. "Nilikuzika kichwani mwangu mara ngapi, Kaka? Nilishachagua nani wa kumpigia Kondoa. Kwa ajili ya mbuzi?"

Hakuongea nami siku tatu. Alinipikia, akaweka sahani, akaondoka. Siku ya nne alikuta nameza kidonge na chai ya maziwa, akapiga kelele: "Si na maziwa! Hukusoma?" Nilifurahi hata kukaripiwa.

Vidonge vilikuwa viwili kwa siku, siku ishirini na nane. Unameza na glasi nzima ya maji, halafu hulali hapo hapo. Unakaa wima nusu saa, la sivyo kifua kinaungua. Siku ya pili nilitetemeka na kuumwa mwili mzima, nikashuku wamenipa dawa siyo. Nilimfanya mfamasia anihesabie na kunisomea jina la dawa mara mbili. Wiki ya tatu, suruali ikapita gotini. Nilisimama ukumbini naitazama kama nimeshonewa mpya.

Goti halikwisha lote, wakanipa kozi ya pili, na hiyo ikaangukia Mwezi Mtukufu. Sikufunga. Nilikula mchana nimefunga mlango wa chumba, kwa aibu, ingawa ruhusa ninayo. Zuhura alifunga. Jioni alikuwa ananiwekea tende na mimi, nyingi sawa na zake, tukafungua pamoja kama kwamba nami nilishinda na njaa. Hatukulizungumza. Katika siku hizo, baada ya futari, ndipo nilipomsimulia habari za mama, taratibu, jioni moja jambo moja. Alivyokuwa akiimba. Alivyoomba maji. Zuhura alikuwa hajui hata rangi ya kanga ambayo mama alifunikwa nayo kabla ya sanda.

Wewe unayesoma, sikiliza machache. Ukitoka penye nyasi, jipapase nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani, nyuma ya masikio. Mgongo mwambie mtu akutazame. Aibu yake ni ya dakika moja. Kwenye ngozi zetu baka linaweza lisiwe jekundu wala duara zuri la picha. Kupe usimponde kama nilivyofanya. Mvute kwa kibano taratibu, mweke kwenye chupa, mpeleke. Na ukiulizwa ulikuwa wapi, sema.

Najua hilo la mwisho ndilo gumu. Mimi mwenyewe bado sijapona shaka. Goti likilia asubuhi ya baridi nasimama kando ya kitanda nalisikiliza, ni hali ya hewa au ugonjwa umerudi? Bahasha ya serikali ikija naishika kwenye mwanga kabla ya kuifungua. Uraia bado nasubiri, na sijui kuchelewa kwake kunatokana na foleni au na kitu kingine. Shambani kule hatuendi tena; tunapeleka mbuzi kwenye machinjio yenye ruhusa, ambako wananiruhusu kushika kisu mwenyewe, na Mzee Fabian analalamika kwamba nyama haina ladha ikiwa haina hofu.

Mwezi wa tano nilikwenda kuagana na yule daktari. Zuhura alikuja nami. Daktari alikunja goti langu, akalinyoosha, akaridhika, akauliza kama nina swali.

Nilikuwa nalo tangu mwezi wa kumi na mbili. Nikamuuliza, siku ile mzee wangu alipoeleza mambo ya shamba, uliandika nini, na ulimpelekea nani?

Alinitazama. Hakucheka. Akaigeuza kompyuta, ile inayonipa kisogo kila mara, ikanielekea.

Nasoma Kiingereza polepole. Niliweka kidole hewani karibu na kioo, nikafuata neno kwa neno. Mgonjwa alikuwa kwenye nyasi ndefu karibu na mifugo, mwezi wa sita. Aling'oa kupe, paja la kushoto, nyuma. Nikatafuta jina la Fabian. Nikatafuta neno la kuchinja, neno nyama, neno uraia. Nikasoma mara ya pili. Halafu nikamsogeza Zuhura mbele, maana macho yangu siyaamini kwa Kiingereza.

"Soma na wewe. Soma yote."

Akasoma. Akasogea karibu akasoma tena, kwa ajili yangu.

"Kaka," akasema, "ni mistari miwili tu."

"Chini yake hakuna kitu?"

"Chini yake kuna tarehe uliyofutiwa upasuaji."

Nikabaki nimesimama kwa miguu yangu miwili, naitazama mistari ile.